Mtani Aliyekoroma Kwenye Ukurasa wa Pili

Hadithi yangu ndefu ya kwanza iliisha kwa maswali ya ufahamu. Msichana amefariki, mchumba wake amepiga magoti kando ya kaburi, mvua inanyesha, halafu chini yake nikaandika: "Maswali. Kwanza, kwa nini Rehema alitoroka nyumbani? Pili, hadithi hii inatufundisha nini?" Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili wa shule ya msingi, na sikujua kwamba maandishi yanaweza kufika mwisho bila mtu kuulizwa kitu.

Nawaambia haya nyie vijana wa Nachingwea na Ruangwa mnaoandika simulizi kwenye simu, kwa sababu mmeniomba niwaeleze nilivyojifunza kazi. Mmoja wenu aliniandikia, "Madam, tupe siri za uandishi." Siri sina. Nina makosa, tena ya kila namna, na mengine nimeyarudia mpaka yamenizoea. Mshahara wangu ulikuwa wa chaki: nilianzia Naipingo, nikahamia Marambo, nikamalizia Lionja. Lakini kazi niliyoiwaza nikiwa napika, nikiwa nasahihisha madaftari, hata nikiwa nasali, Mungu anisamehe, ilikuwa hadithi. Sasa nimestaafu zote mbili. Chaki nilistaafishwa na serikali, hadithi nimestaafishwa na macho.

Turudi kwa Rehema. Mambo yake karibu yote yalitokea Dar es Salaam, mji ambao nilikuwa sijaukanyaga. Nilikuwa nimefika Lindi na Masasi, basi. Lakini niliona aibu kuandika habari za Naipingo, maana nani asome habari za Naipingo? Kwa hiyo Rehema anafika kwenye ghorofa la tajiri, anasimama chini, anapiga hodi, na mke wa tajiri anamjibu "Karibu, pita" kutoka juu kabisa. Nilikuwa nimesikia redioni kwamba Dar kuna taa za kuongoza magari. Nikaandika kwamba taa ikiwa nyekundu madereva wanazima magari, wanashuka, wanaulizana habari za nyumbani, kisha wanarudi garini bila haraka. Na tajiri mwenyewe, pamoja na magari yake yote, hakulala kwa wasiwasi kwamba salfa ya kupulizia mikorosho itachelewa kufika.

Nikampa mume wangu asome. Alisema "Nzuri" kabla hajafunua ukurasa. Alikuwa mtu wa amani, Mungu amrehemu. Nikampa dada yangu, akalia machozi, nikafurahi, mpaka nilipokumbuka kwamba dada yangu analia hata redio ikitangaza vifo vya watu asiowajua. Nikampa mwalimu mkuu. Aliirudisha imesahihishwa kwa wino mwekundu, na mwisho ameandika, "Vizuri, ongeza bidii." Maswali ya ufahamu aliyapenda sana. Alinishauri niongeze mengine.

Aliyenifundisha kazi hasa ni Mwalimu Chitanda wa hesabu, na alinifundisha kwa kukoroma.

Hapa lazima nieleze kidogo. Ukoo wa kina Chitanda na ukoo wetu ni watani tangu enzi za mababu. Nyie utani mnaoujua zaidi ni wa timu za mpira, lakini utani wetu una sheria zake. Mtani anaingia uani kwako, anakamata jogoo, anaondoka naye, na wewe unamsindikiza. Anakusema mbele za watu kwamba una kichwa kama mtungi, nawe unacheka, halafu unamsema yeye. Ukikasirika, aibu ni yako. Na mtani hana ruhusa ya kukubembeleza, hata kidogo.

Sasa siku moja pale Naipingo nilikuwa ofisi ya walimu wakati wa mapumziko, nimefunika karatasi zangu kwa daftari la mahudhurio. Chitanda akaniona.

"Madam, hiyo barua ya mchumba?"

"Hadithi."

"Isome basi, tusikie. Mihogo hii haina kitoweo."

Nikasoma kwa sauti ya kusomea taarifa ya habari. Ukurasa wa kwanza alikuwa anatafuna mihogo yake ya kuchemsha, ananitazama. Nikafunua ukurasa wa pili, palipokuwa na maelezo marefu ya uzuri wa Rehema, macho yake, shingo yake, mwendo wake. Nikasikia mkoromo, mzito, wenye mluzi mwembamba mwishoni. Nikasema moyoni, maskini, amechoka, ana vipindi vingi. Nikainua macho nimwamshe. Alikuwa macho makavu, bado anatafuna.

"Endelea, Madam," akasema. "Mimi nakoroma tu."

Niliumia, nisiwafiche. Angekuwa mtu mwingine ningemnunia muhula mzima. Lakini huyu ni mtani, na kumnunia mtani ni kujitangazia kushindwa. Nilirudi nyumbani nikamshtakia mume wangu. Akasema, "Ana haki yake." Basi usiku kucha nikawa natunga hadithi nyingine, si kwa kupenda sanaa, kwa hasira tu, nimkomeshe. Kesho yake akakoroma tena. Tukaendelea hivyo miaka na miaka, mimi natunga, yeye anakoroma, na katikati ya ugomvi huo nikajikuta nimekuwa mwandishi.

Nilikuwa nasoma nikiwa na penseli. Akikoroma, naweka alama pembeni. Baadaye nikikaa peke yangu naangalia alama zile, na hapo ndipo niliposoma shule yangu. Alikoroma nilipoeleza hali ya hewa. Alikoroma mhusika alipolia, halafu nikaeleza kwamba amehuzunika. Alikoroma kila mtu wangu alipoongea kama mgeni rasmi. Nilikuwa na bibi mmoja wa Marambo, mkulima, hajui kusoma, anamwambia mjukuu wake, "Ama kwa hakika, mjukuu wangu mpendwa, dunia imebadilika." Chitanda alikoroma mpaka watoto wakachungulia dirishani. Akaniuliza, "Bibi yako mwenyewe akikuita, anasemaje?" Nikamwambia anasema, "Wee, hebu njoo hapa." Akasema, "Basi mwandike aseme hivyo."

Lakini msije mkamfanya nabii. Mara nyingi alikuwa anakosea kabisa. Alitaka kila hadithi iwe na mwalimu wa hesabu, mtanashati, anayeshinda mwishoni. Mapenzi hakuyaweza, wapenzi wakishikana mikono tu, yeye anatoka kwenda kuangalia kama baiskeli yake ina upepo. Na hadithi ya mchawi niliyoipenda kuliko zote aliikoromea kuanzia jina. Ile sikuikata, na gazeti liliichapa, na nilimpelekea nakala nimeikunjua kwenye ukurasa wenyewe. Aliifungia vitumbua.

Kuna swali lake moja lililokuwa linanichosha: "Amekula?" Rehema ametoroka, amepanda basi hapa Nachingwea, analia njia nzima mpaka Dar. Chitanda anauliza, "Amekula?" Nikamwambia, "Ana majonzi." Akasema, "Majonzi hayajazi tumbo. Tangu asubuhi huyu binti hajatia kitu mdomoni na ana nguvu za kulia?" Nilimcheka, nikamwambia huyo mwenye njaa ni yeye. Kisha nikaenda kupekua hadithi zangu zote. Hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa amekula. Watu walipendana, wakaoana, wakashitakiana, wakafa, wote kwa njaa.

Basi nikamnunulia Rehema yai la kuchemsha pale basi liliposimama. Muuzaji akampa na chumvi kwenye kipande cha gazeti. Basi likaondoka kwa kishindo, yai likamponyoka, likabingirika chini ya viti, na Rehema akaona haya kuinama kulitafuta mbele za watu, akabaki ameshika chumvi mkononi. Hiyo ndiyo hadithi ya kwanza kukubaliwa na gazeti. Sokoni Nachingwea watu walinisimamisha kuniuliza, yai lilipatikana? Machozi ya Rehema, ambayo niliyaandika kurasa na kurasa, hakuna aliyeyaulizia.

Nikipewa nafasi ya kusema jambo moja la kazi, nitasema hilo la yai. La pili, someni kwa sauti mbele ya mtu asiyewaogopa. Makundi yenu ya WhatsApp nayaona. Mtu anaweka sehemu ya kwanza, wenzake wanajibu "kali sana", "moto", "tunasubiri inayofuata", na nikisoma naona wazi kwamba nusu yao hawajaifungua. Hao wote ni kina mume wangu. Tafuteni mtani.

Vifaa visiwasumbue. Mimi nilianza na kalamu ya bluu. Baadaye masista wa parokiani waliniruhusu kutumia taipureta yao mchana wakimaliza barua zao, na kwa sababu taipureta ile ilikuwa na kelele nilikuwa naandika sentensi fupifupi nisiwasumbue wagonjwa wa zahanati ya jirani. Watu wakasifu mtindo wangu. Bahasha za kwenda gazetini nilimpa kondakta wa basi, na kuna sehemu moja ya hadithi iliyopotea njiani, gazeti likaruka likachapa inayofuata, na hakuna msomaji hata mmoja aliyelalamika. Hilo lilinifunza kuhusu urefu wa hadithi zangu kuliko semina zote. Kisha ikaja simu, nikaandika kwa kidole kimoja, kilekile cha kuchotea ugoro, maana nina tabia hiyo pia.

Kila toleo nililimalizia kwa mlango kugongwa. Ngo, ngo, ngo! Usikose wiki ijayo. Ilifanya kazi mara ya kwanza, nikadhani nimegundua dawa. Nikagonga wiki baada ya wiki. Chitanda akasema, "Mlango wa nyumba hiyo utang'oka, na wenyewe bado hawajala."

Wakati huo alikuwa amekwishastaafu, amerudi kwao Ruangwa, na mimi nilikuwa nampelekea hadithi siku za Jumamosi. Tunakaa uani. Mkewe, Mama Fatu, anakaa pembeni kwenye mkeka anachambua kisamvu. Yule mama si msemaji. Ananikaribisha, ananiuliza habari za Nachingwea, kisha ananyamaza na majani yake mpaka naondoka. Mimi nilidhani hasikilizi. Mwandishi mzima, nilikaa na mtu miaka yote ile nikamwona kama sehemu ya uzio.

Jumamosi moja nilimletea hadithi ya msiba. Nilikuwa nimeiandika kwanza kama misiba yetu ilivyo: watani wamekuja, mmoja amevaa kofia ya marehemu, anatembea kwa kuchechemea kama yeye, anadai apewe chakula kabla maiti haijatoka, mpaka wafiwa wanacheka huku kamasi zinawatoka. Mhariri wa Dar aliirudisha. Alisema wasomaji watashtuka, msibani hapachekwi, niweke huzuni. Nami kwa utiifu wangu nikawaondoa watani wote, nikaleta mvua.

Nikamsomea Chitanda. Hakukoroma. Nilifika ukurasa wa pili, wa tatu, kimya. Nikajua leo nimemshinda. Nilipomaliza akasema, "Madam, mimi nikifa usiniletee mvua."

"Wewe hufi. Huko nako hawakutaki."

"Sikia kwanza." Akamtazama mkewe, akashusha sauti. "Huyu mwenzangu akipata jambo zito ananyamaza. Tulipofiwa na mtoto wetu wa kwanza alinyamaza mpaka tukampeleka hospitali. Siku yangu ikifika, umtoe kwenye kimya. Watani wengine watakuja, lakini wewe ndiye fundi wa maneno. Na usije na Kiswahili cha mtihani."

Nikamwambia nitakuja na jogoo mkononi kusherehekea. Tukacheka, nikapanda basi nikarudi. Njiani niliichana ile hadithi yenye mvua.

Mwaka jana, msimu wa kupulizia mikorosho, asubuhi na mapema simu ikalia. Alikuwa Fatu, binti yao.

"Madam, baba ametutoka jana jioni."

Fatu akaendelea, "Mama hajalia, Madam. Hajasema kitu tangu jana. Hajala, na dawa zake za kisukari amezisukuma pembeni. Watani wamekuja tangu alfajiri wamefanya weee, anatazama ukuta tu. Tunaogopa. Baba alisema ikitokea hivi tukuite wewe."

Nilipanda basi la kwanza la Ruangwa. Ndani wote tunanuka salfa. Na mimi, baada ya mafunzo yote niliyowasimulia hapa, mnajua nilifanya nini njiani? Nilitoa karatasi nikaandika hotuba. Niliogopa, hiyo ndiyo kweli yake. Nilimpenda yule mtu kama ndugu wa tumbo moja na niliogopa kufika mikono mitupu, nikakimbilia maneno makubwa.

Nilipofika nikaanza vizuri. Nikaomba koti la marehemu, lile la ofisi ya walimu, bado lina vumbi la chaki mfukoni. Nikavaa na miwani yake. Nikaingia ndani kwa wanawake natembea kama yeye, tumbo mbele, nauliza, "Nyie mmekuja kulia au kula?" Nikamlaumu marehemu kwamba amekufa makusudi kukwepa kupulizia mikorosho. Shangazi zake walicheka. Mabinti walicheka. Fatu alicheka huku amejishika mdomo. Mama Fatu alikuwa amekaa kwenye mkeka ameegemea ukuta, kanga kichwani, macho yako mbali.

Nikajaribu tena, nikaimba wimbo wake wa kufundishia jedwali la kuzidisha. Wakacheka wote, yeye hapana. Nje wanaume walikuwa wanajiandaa kuinua jeneza. Nikaona muda unaniishia. Nikaingiza mkono mfukoni nikatoa karatasi.

"Ewe Mwalimu Chitanda," nikasoma, "uliyekuwa taa ya elimu katika giza la ujinga, nguzo ya familia na mhimili wa jamii..."

Kicheko chote kikafa. Nilisikia sauti yangu mwenyewe, ileile ya taarifa ya habari, na nilijua kabisa nafanya kitu alichonikataza. Lakini kuacha katikati nako niliona haya. Nikasoma mpaka chini, nikaigeuza karatasi, nikaanza upande wa pili: "Ndege wa angani nao leo wamenyamaza..."

Mkoromo ukasikika. Mzito, una mluzi mwembamba mwishoni.

Shangazi mmoja alidhani Mama Fatu amezidiwa, akamshika bega. Mama Fatu alikuwa macho. Alikuwa ananitazama mimi, ndani ya koti la mumewe, na karatasi yangu.

"Endelea, Madam," akasema. "Mimi nakoroma tu."

Alianza kucheka yeye, kisha kicheko kikakatikia njiani, akalia. Alilia kwa sauti, akamwita mumewe kwa jina lake la utotoni ambalo sikuwahi kulisikia. Nikaangusha karatasi nikakaa naye kwenye mkeka, nikamshika, nami nikalia vibaya sana, bila kivumishi hata kimoja. Wanaume walipoliinua jeneza tulikuwa bado tumeshikana. Nje jua lilikuwa kali, hakuna hata wingu.

Baadaye Fatu alileta uji. Mama yake aliunywa wote, akameza dawa zake. Kisha akanigeukia, sauti imekauka.

"Na wewe, Madam, umekula?"

Sasa naenda Ruangwa Jumamosi kama zamani. Masimulizi haya mnayoyasoma yalikuwa marefu zaidi. Nilianzia utoto wangu, nikaeleza babu zangu walikotoka, na mandhari ya mlimani wakati wa mvua. Juzi nilimsomea Mama Fatu uani, yeye na kisamvu chake. Nilipofika kwa babu zangu akakoroma. Kwenye mandhari akakoroma zaidi. Yote hayo nimeyatupa. Nilipofika kwenye koti lenye vumbi la chaki, mikono yake ilisimama juu ya majani, na haikusogea mpaka nilipomaliza. Hapo nimepaacha kama palivyo.